“Mgonjwa amekataa kusafishwa”: uchambuzi wa kisa cha mama mmoja na mwanafunzi wa uuguzi

Saa tano kasorobo asubuhi, siku ya tatu tangu mama huyo alazwe, mwanafunzi wa uuguzi wa mwaka wa pili aliandika kwenye kadeksi, yaani kadi ya kumbukumbu za huduma ya mgonjwa, maneno matatu: “Mgonjwa amekataa kusafishwa.” Chini ya maneno hayo ipo sahihi yangu. Mimi ndiye niliyekuwa mwalimu wake wa kliniki, na kwa utaratibu wetu alichoandika mwanafunzi hakihesabiki mpaka kitiwe sahihi na mwalimu au na muuguzi aliyeajiriwa wodini. Niliisoma sentensi, sikuona kosa, nikatia sahihi, nikasogea kitanda kilichofuata. Miezi kadhaa baadaye niliirudia kadeksi ile ili niandike uchambuzi huu, nikatambua kwamba karibu kila kitu tulichojifunza kwa mgonjwa huyu, mimi na mwanafunzi wangu, kilianza siku tulipojua alikuwa anakataa nini hasa.

Hospitali ni ya umma, magharibi mwa Kenya, mwendo usiofika saa mbili kwa matatu kutoka Kisumu. Sitaitaja jina, wala sitamtaja mgonjwa au mwanafunzi, na mambo madogo ambayo yangemtambulisha mtu nimeyabadilisha. Ya tiba nimeyaacha yalivyokuwa.

Mama alikuwa mjane mwenye miaka 50 na ushei, Mmaragoli wa kaunti ya Vihiga, mwenye kipande cha shamba chenye majani chai, migomba na ng’ombe mmoja. Alikuwa na saratani ya mlango wa kizazi iliyofika hatua ya tatu: uvimbe ulikuwa umeenea hadi kwenye ukuta wa nyonga na kuibana mirija inayoshusha mkojo kutoka kwenye figo, hata vipimo vya damu vikaonyesha kwamba figo zimeanza kushindwa kazi. Mwaka uliotangulia alikuwa amepewa rufaa kwenda Eldoret kwa tiba ya mionzi. Alikwenda mara moja, akapangiwa tarehe, hakurudi. Nauli ilikuwapo, alichokosa ni mahali pa kulala kwa wiki zile zote, na mtu wa kumkamulia ng’ombe. Sasa aliletwa akivuja damu, akaongezwa painti 2, akabaki wodini kwa ajili ya maumivu ya kiuno na ya paja la kushoto, mguu uliovimba, na uchafu uliokuwa ukimtoka wenye harufu ambayo mgeni aliipata akiwa bado mlangoni, kabla hajajua kitanda cha mgonjwa wake kiko upande gani.

Mwanafunzi alikuwa kijana wa kiume kutoka Bungoma, mpole, mwenye mwandiko mzuri, anayesomea stashahada ya uuguzi ya miaka 3. Kazi aliyopewa ni ile ambayo kila mwanafunzi wetu huipitia: achague mgonjwa mmoja aliye mahututi, amhudumie kwa muda wote wa zamu zake katika wodi hiyo, kisha aandike mpango kamili wa huduma. Fomu yenyewe ina visanduku vinne, yaani mwili, akili, jamii na roho. Cha mwili alikijaza hadi pembezoni. Katika cha akili aliandika “Ametulia, anashirikiana.” Cha jamii, “Mjane, watoto 3.” Cha roho, “Mkristo.” Nilimpa alama 16 kati ya 20, na hizo 4 nilizopunguza nilizipunguza kwa sababu ya mwili: alikuwa amesahau kuandika ni siku ngapi mgonjwa hajaenda choo.

Visanduku hivyo havikuzuka hivi hivi. Cicely Saunders, Mwingereza aliyeanza kama muuguzi, akawa mfanyakazi wa ustawi wa jamii hospitalini, kisha akasomea udaktari, ndiye aliyefundisha kwamba maumivu ya mtu anayekaribia kufa ni ya mwili, ya moyo, ya jamaa na ya roho kwa pamoja, na mwaka wa 1967 akafungua huko London hospisi ya St Christopher’s iliyoendeshwa kwa msingi huo. Kwa Kiswahili huduma ya namna hiyo tunaiita shufaa. Wanafunzi wengi hulichanganya neno hilo na shifaa, yaani uponyaji, na huwa siwakaripii, maana irabu hiyo moja hunipa nafasi ya kuwaeleza kwamba shifaa ni kumwondolea mtu ugonjwa, ilhali shufaa ni kumsimamia na kumtetea pale ambapo yeye mwenyewe hawezi. Saunders alikuwa akieleza kitu kimoja chenye nyuso nne. Sisi tumekikata vipande vinne, kila kipande na kisanduku chake, kisha cha mwili tukakipa nusu ya ukurasa.

Aliyetufumbua macho hakuwa daktari wala muuguzi. Ni mama anayesafisha wodi, Mmaragoli mwenzake, aliyenivuta kando asubuhi ya siku ya nne akiwa na ufagio mkononi.

“Mwalimu, yule mama hakatai maji,” aliniambia. “Anamkataa mkwe.”

Binti mkubwa wa mgonjwa ameolewa Bungoma. Siku ya kwanza, kijana alipojitambulisha kwa jina lake kamili kama tunavyowafundisha, mama alimuuliza anatoka ukoo gani, naye akajibu kwa furaha, akidhani ni mazungumzo ya kuzoeana. Ulikuwa ukoo wa mume wa binti huyo. Kwa Waluhya, jamii ya Wamaragoli na Wabukusu pia, walio wa rika la mama, mkwe na mama mkwe wana mpaka kati yao: hawashikani mikono ovyo, mkwe haoni mahali anapolala mama mkwe, na habari ya kumvua nguo na kumwosha haitajiki kabisa. Kijana ni Mbukusu na mila hiyo aliijua vizuri kuliko mimi. Hakufikiri tu kwamba ilikuwa imeingia naye wodini. Fomu yetu ina mahali pa kuandika kabila la mgonjwa. Haina mahali pa kuandika ukoo wa muuguzi.

Nilipolipeleka jambo hili kwenye kikao cha walimu, mwenzangu mmoja alisema kwamba muuguzi akishavaa sare hana jinsia wala ukoo, na kwamba tukianza kuwapanga wanafunzi kwa koo zao wodi haitaendeshwa. Hoja yake ina nguvu penye dharura. Mgonjwa akianza kutokwa na damu nyingi usiku wa manane na aliyepo ni mwanamume, atahudumiwa na huyo huyo, na mila itasubiri. Lakini mama huyu hakuwa katika dharura. Alikuwa na wiki chache za kuishi, akili zake zilikuwa timamu, na wodi ilikuwa na wanafunzi wa kike watano waliokuwa wakigombania kazi za kujaza vitabu vyao vya mazoezi. Kumlazimisha aoshwe na mkwe wake, au kumwacha bila kuoshwa na kuandika kwamba amekataa, yalikuwa makosa mawili ya aina moja, na sisi tulikuwa tumeshafanya la pili kwa siku nzima.

Tulipanga hivi. Mwanafunzi wa kike angemsafisha mama na kumbadilishia pedi, na kijana angebaki nje ya pazia la kitanda akitayarisha vitu. Alichukua vidonge viwili vya metronidazoli, akaviweka katikati ya karatasi safi iliyokunjwa, akavisaga kwa mgongo wa kijiko hadi vikawa unga, akauchanganya na vaselini ndani ya kikombe kidogo cha dawa, kisha akakipitisha ndani kwa mkono mmoja huku uso ameugeuzia dirishani. Metronidazoli ikiwekwa papo hapo penye kidonda huua bakteria wale wanaoleta harufu, na haihitaji kitu ambacho hospitali yetu haina. Sista mkuu wa wodi akaongeza la kwake la miaka mingi: beseni la makaa mabichi, yasiyowashwa, chini ya kitanda, nayo yakavuta sehemu ya harufu iliyosalia. Baada ya siku tatu mgonjwa wa kitanda cha jirani, aliyekuwa ameomba kuhamishwa, aliacha kuomba.

Hayo tuliyatarajia. Jambo ambalo sikulitarajia ni kwamba mama alianza kuzungumza na kijana kupitia pazia. Mila iliyomkataza kuonwa naye haikumkataza kusema naye. Nyumbani pia mkwe huweza kuketi sebuleni na mama mkwe akamjibu kutoka jikoni, ukuta ukiwa katikati, na mazungumzo yakaenda vizuri tu. Kwa siku tatu alikuwa amemwita “daktari,” kama wagonjwa wetu wanavyomwita kila mwanamume mwenye koti jeupe. Sasa akamwita “baba.” Na kitu cha kwanza alichomwambia kilikuwa, “Baba, hiyo sindano mnayonidunga mchana haifiki usiku.”

Kabla ya hapo, kila alipoulizwa juu ya maumivu alijibu “kidogo tu.” Sikumlaumu mwanafunzi kwa kuliandika jibu hilo, kwa sababu ndilo alilopewa, ila ningemlaumu mwalimu aliyelisoma. Mama wa kijijini aliyelelewa kutolalamika mbele ya wageni, anayeamini kwamba akisema anaumwa sana atazuiliwa wodini zaidi, atasema kidogo hata akiwa ameuma shuka. Ndiyo sababu katika huduma ya shufaa Afrika tunatumia mkono: ngumi iliyofumbwa ni kutokuwa na maumivu, vidole vitano ni maumivu ambayo hayawezi kuzidi. Kijana alimweleza mama hivyo akiwa nje ya pazia. Pazia likatikisika, ukatoka mkono mwembamba uliokuwa na plasta ya dripu, vidole vinne vimesimama na dole gumba limekunjwa kiganjani. Ukakaa hivyo kidogo. Kisha dole gumba nalo likafunguka, na sauti ikasema, “Hiki ni cha usiku.”

Kutokana na mkono huo yalifuata mambo mawili ya dawa. La kwanza ni la sifa kwa mwanafunzi. Ile sindano ya mchana ilikuwa diklofenaki, na jioni hiyo kijana alinijia na chati akaniuliza, kwa sauti ya mtu anayeogopa kuonekana mjuaji, kama figo za mgonjwa huyu zinaiweza. Haziiwezi. Dawa za kundi hilo hupunguza damu inayofika kwenye figo, na figo zilizokwisha kubanwa na uvimbe huzidi kuharibika. Iliandikwa usiku wa kulazwa, kabla majibu ya maabara hayajatoka. Majibu yalipotoka yalibandikwa kwenye faili na hakuna aliyeyalinganisha na chati ya dawa, mimi nikiwa mmojawapo. Daktari wa zamu aliifuta siku hiyo hiyo.

La pili linahusu mofini, nalo ni refu zaidi. Mofini ya maji ilikuwa imeandikwa tangu mwanzo, lakini pembeni paliandikwa “inapohitajika.” Neno hilo lina maana nzuri kwa mgonjwa anayejua kudai. Kwa mgonjwa anayesema “kidogo tu,” maana yake ni kwamba hatapewa, na kweli kwa siku tatu hakuwa amepewa hata tone. Maumivu ya saratani ambayo hayakatiki hutibiwa kwa saa, dozi inayofuata ikitangulia maumivu kurudi. Kwa kawaida mofini ya maji hutolewa kila baada ya saa 4. Kwa mama huyu daktari alianza na miligramu 2.5 kila baada ya saa 6, kwa sababu mabaki ya mofini hutolewa mwilini na figo, na zikishindwa hurundikana, mgonjwa akaanza kusinzia kupita kiasi, kushtuka misuli, hatimaye kupumua polepole. Pamoja nayo iliandikwa dawa ya kulainisha choo, kwa kuwa mofini hufunga choo na mwili hauzoei jambo hilo hata siku ngapi zipite, na dawa ya kichefuchefu kwa siku za mwanzo.

Dozi ya kwanza ilitolewa na muuguzi wa zamu, kijana akiwa ubavuni mwake. Niliuona mkono wa kijana ukitetemeka wakati wa kupima. Baadaye alisimama karibu na kitanda, mbali kiasi cha heshima, akahesabu pumzi za mama kwa dakika nzima, akapata 16, akahesabu tena. Aliniambia kwamba darasani walikuwa wamefundishwa mofini katika kurasa mbili, ya kwanza ikiwa juu ya faida zake na ya pili, iliyokuwa ndefu zaidi, juu ya namna inavyoweza kuua. Mtoto mkubwa wa kiume wa mama naye aliuliza kama hiyo si ndiyo dawa wanayopewa watu wakikaribia kufa. Swali lake lina haki yake. Katika wodi nyingi mofini hutolewa siku ya mwisho au mbili, kisha mgonjwa hufa kwa ugonjwa wake, na jamaa huondoka wakiwa wameona dawa na kifo vikifuatana. Ikianzwa mapema, kwa dozi ndogo inayopandishwa taratibu, watu huiona inamkalisha mgonjwa kitandani anywe uji, na hofu hupungua bila hotuba.

Hata hivyo, siku mbili baadaye chati ilikuwa na nafasi mbili tupu, zote za saa sita usiku. Mofini hukaa katika kabati la DDA, yaani kabati la kufuli la dawa zinazodhibitiwa kisheria, na katika wodi ile kila dozi inayotoka huhitaji sahihi mbili za wauguzi walioajiriwa. Usiku alikuwapo muuguzi mmoja kwa wagonjwa zaidi ya 40. Mwanafunzi hawezi kuwa shahidi. Kwa hiyo saa ambayo mama alifungua dole gumba ndiyo saa ambayo kabati halikuweza kufunguliwa. Ingekuwa rahisi kumwandikia barua muuguzi wa usiku, na nakiri kwamba nilikuwa nimeianza. Sista mkuu alifanya lililo bora: alivuka ua hadi wodi ya wanaume akapatana na mwenzake kwamba saa sita usiku muuguzi wa kule atakuja kutia sahihi ya pili, naye wa huku atakwenda kule wakimhitaji. Nafasi tupu hazikuonekana tena.

Siku ya saba, katikati ya kubadilishiwa pedi, mama aliuliza kupitia pazia, “Baba, mimi napona?”

Kijana alijibu, “Mungu yupo, mama.”

Sidhani kuna mtu wa kwetu ambaye hajawahi kutoa jibu hilo. Kwa imani ya wote wawili ni la kweli, na lilisemwa kwa upole. Lakini mama alinyamaza, na hakusema lolote tena asubuhi hiyo, kwa sababu alikuwa amefungua mlango na kijana ameufunga kwa adabu. Mchana tuliketi katika chumba cha chai, mimi nikajifanya mgonjwa, nikamuuliza swali lile lile mara nne kwa namna nne. Kumwambia mgonjwa kwamba ugonjwa wake hauponi si kazi ya mwanafunzi, nilimweleza; ni ya daktari akiwa na muuguzi mwenye uzoefu, na kwa idhini ya mgonjwa mwenyewe. Kazi ya mwanafunzi ni kujua mgonjwa tayari anajua nini, kisha kutokimbia.

Kesho yake alianza yeye. “Mama, jana uliniuliza swali nikalikwepa. Nisamehe. Wewe mwenyewe unaonaje?”

Nyuma ya pazia palitoka kicheko kifupi. “Watu wanakuja kunisalimia Jumatano wamevaa nguo za Jumapili. Unadhani mimi sioni, baba?”

Wakati huo huo mwanawe alikuwa ametuomba tusimwambie mama chochote zaidi ya kwamba ana kidonda tumboni, na mama alikuwa amemwomba mama wa usafi asimwambie mwanawe kwamba anajua, asije akavunjika moyo. Kwa zaidi ya wiki mtu na mwanawe walikuwa wakilindana kwa siri moja. Daktari alipozungumza na mama, kisha mama akaomba watoto waitwe, mazungumzo hayakuchukua hata nusu saa. Robo tatu ya muda huo mama hakuongea juu ya saratani. Aliongea juu ya jiwe.

Vihiga ni kaunti yenye watu wengi mno kwa ardhi yake, na shamba la mama, kama mashamba mengi ya huko, hupimwa kwa hatua. Tangu alipoanza kuugua, shemeji yake alikuwa amelisogeza jiwe la mpaka kuelekea kwake, na waliojua mahali pake pa zamani walikuwa wamebaki wawili, mama na jirani mmoja mzee. Usiku alipokuwa macho kwa maumivu, alikuwa akilitafuta jiwe hilo kichwani, akihesabu migomba. Vidole vitano vya usiku vilikuwa na kiuno ndani yake na vilikuwa na mpaka pia. Mwanawe alikwenda nyumbani, akarudi na yule mzee, wakakaa kando ya kitanda wakaandika hatua na alama za miti kwenye daftari la shule. Siwezi kusema jambo hilo lilipunguza maumivu kwa kiasi gani, maana dawa nayo ilikuwa imerekebishwa wiki hiyo hiyo. Ninaweza kusema tu kilichomo kwenye chati: baada ya siku hiyo hakuomba dozi ya nyongeza usiku hata mara moja, na saa nane usiku muuguzi alimkuta amelala.

Kisanduku cha roho, kile kilichoandikwa “Mkristo,” tulikirudia mwisho. Mama alikuwa wa kanisa la Marafiki (Quaker), ambalo limekuwapo kwao tangu wamisionari wake walipofika Kaimosi mwaka wa 1902. Kikundi kimoja cha maombezi, kisicho cha kanisa lake, kilikuwa kikipita wodini na kukemea magonjwa kwa sauti kubwa, na alipokisikia aliomba pazia lifungwe. Siku moja alimwambia kijana sababu: “Mungu alinifungulia njia ya Eldoret, mimi nikachagua ng’ombe.” Kijana hakujibu, na safari hii kunyamaza kwake kulikuwa sahihi. Alisubiri, kisha akamuuliza ni nani angependa ayasikie maneno hayo. Mama akamtaja mchungaji mmoja mzee aliyekwisha kustaafu. Alikuja Alhamisi, akakaa naye zaidi ya saa moja. Waliyozungumza hayamo kwenye kadeksi, wala hayakupaswa kuwamo.

Kurudi nyumbani lilikuwa ombi lake, na alilitetea kwa hesabu yake mwenyewe: gari la kumpeleka mgonjwa mzima lina bei yake, na la kupeleka maiti lina bei nyingine. Binti aliyeolewa Bungoma alikuja kukaa naye. Kijana alimfundisha kupima mofini kwa bomba lisilo na sindano, akachora kwa wino mstari mahali dawa inapofikia, akamfanya arudie mbele yetu mara tatu. Mwanafunzi wa kike akamfundisha kuosha, kupaka vaselini ngozi iliyochubuka, na kusaga vidonge. Tuliwaunganisha na wahudumu wa huduma ya shufaa walio karibu kwa ajili ya dawa, na mhamasishaji wa afya ya jamii wa kijiji akaarifiwa. Wahamasishaji hawa wanawafahamu watu wao, na tangu mwaka wa 2023 wengi wana mikoba ya vifaa, ila mofini haimo mkobani. Chupa ikiisha Ijumaa, mtu lazima apande matatu.

Nirudi kwa mwanafunzi, kwa sababu kisa hiki ni chake pia. Nilipofungua kitabu chake cha mazoezi niliona kwamba ile huduma ya mwisho, yaani kuosha maiti, kufunga taya, kuandika kibandiko na kuviringisha shuka, alikuwa ameshatiwa sahihi mwaka wa kwanza, mara 3, “ameweza.” Tulikuwa tumemfundisha kumhudumia mtu aliyekwisha kufa kabla ya kumfundisha kuketi na anayeendelea kufa. Si kwamba hakuna maagizo. Virginia Henderson, muuguzi wa Kimarekani, alipoeleza kazi ya muuguzi katika miaka ya 1960 alitia ndani yake kumsaidia mtu afe kwa amani, na mwaka wa 2014 Mkutano Mkuu wa Afya Duniani uliazimia kwamba huduma ya shufaa iingizwe katika mafunzo ya wahudumu wa afya. Somo lipo kwenye ratiba yetu. Kinachokosekana ni mtu mzima anayesimama kando ya mwanafunzi wakati mgonjwa anapouliza “napona?”, na mtu huyo ndiye mimi, ambaye siku ya tatu nilikuwa nimeshasogea kitanda kilichofuata.

Tumebadilisha mambo mawili tu, nami nayaamini kuliko kuongeza saa za darasani. Neno “amekataa” haliwekewi tena sahihi kwenye kadeksi ya mwanafunzi mpaka lifuatwe na sentensi ya pili inayoeleza amekataa nini, kutoka kwa nani, na kwa maneno yake mwenyewe alisemaje. Na katika siku ya kwanza hakuna alama zinazotolewa kwa visanduku vya akili, jamii na roho. Huachwa wazi hadi siku ya tano, na mwanafunzi anayevijaza mapema huvifuta. Mwenzangu yule wa sare bado hakubaliani nami, na yamkini wodi yenye wanafunzi wachache wa kike itampa haki.

Mama alifariki nyumbani siku ya 19 baada ya kutoka hospitalini. Binti alipiga simu wodini, nami nikaenda kumtafuta kijana, ambaye wakati huo alikuwa amehamia wodi ya uzazi. Nilimkuta akipima mtoto aliyezaliwa asubuhi hiyo. Alinisikiliza bila kuondoa mkono kwenye mzani, akaandika uzito, akamrudisha mtoto kwa mamaye, akanawa mikono. Kisha akauliza kama lile jiwe lilirudishwa.

Lilirudishwa. Binti alikuwa ameniambia: siku ya nne tangu kufika nyumbani, mama alibebwa kwenye kiti hadi mwisho wa shamba, wazee wakiwapo na shemeji pia, akawaonyesha mahali kwa kidole.